Vidonge Vilivyonenepa Usiku Mmoja

Nyumbani kwa profesa wa ufamasia, mama yake mzazi, ambaye anatumia dawa za presha, humtania kila asubuhi: "Wewe mwanangu unavimulika vidonge vya dunia nzima, na mimi hata glasi ya maji ya kumezea huniletei." Profesa hucheka, kisha huenda kuleta maji.

Kumulika ndiyo kazi yake kwa miaka kumi na minne sasa. Alipoanza, kupima dawa kulimaanisha kuisaga, kuiyeyusha na kusubiri siku mbili. Yeye alitaka jibu la papo hapo, na kidonge kibaki kizima. Mashine iliyoko mezani pake, ambayo si kubwa kuliko boksi la viatu, hukipiga kidonge kwa mwanga usioonekana kwa macho, ule unaoanza pale wekundu unapoishia, halafu husoma mwanga uliorudi. Dawa, wanga na maji, kila kimoja hufyonza mwanga kwa namna yake. Profesa aliifundisha mashine kwa vidonge mia sita ambavyo nguvu yake aliijua, kama mtoto anavyofundishwa kutambua sura za shangazi na wajomba.

Jumatatu moja, mvua ikiwa imenyesha wiki mbili mfululizo, mfamasia wa hospitali aliingia maabara na katoni ya vidonge. Zamani alikuwa mwanafunzi wake.

"Mama Profesa, dawa zote za presha zimezuiwa stoo mpaka zipimwe. Tunangoja saini yako tu. Ukisema ni dhaifu, Ijumaa zinachomwa, na nyingine hazifiki kabla ya miezi miwili."

"Na wagonjwa?"

"Elfu moja na mia mbili. Wananipigia simu hata nikiwa kwa kinyozi."

Jumanne asubuhi mashine ilitoa jibu. Vidonge thelathini vilivyopangwa kwenye sinia vilipimwa, na vyote vilikuwa chini ya kiwango. Fundi wa maabara, ambaye kila mtu humwita Bwana Mizani, alishavuta kiti mbele ya kompyuta.

"Thelathini kwa thelathini, Profesa. Niandike ripoti?"

"Subiri kwanza. Mbona vimepungua sawasawa hivi? Kiwanda kibovu hakikosei kwa unadhifu namna hii."

Alisogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. Mahali ambapo maji huonekana kwenye mchoro, mstari ulikuwa umepanda kuliko kawaida. Alimgeukia fundi.

"Bwana Mizani, hebu fanya kazi ya jina lako. Pima kidonge cha kwenye sinia, kisha fungua paketi mpya, upime kingine."

Fundi alipima vitano vya huku na vitano vya kule. Akakuna kichwa.

"Vya kwenye sinia ni vizito. Vimenenepa tangu jana! Vimekula nini?"

"Havikula, vimekunywa. Hewa yote humu ndani ni maji matupu. Ulivitoa lini kwenye paketi?"

"Jana jioni, kama utaratibu unavyosema. Hatua ya tano."

"Na huo utaratibu aliuandika nani?"

"Hapo mimi simo, Profesa. Kazi yangu bado naipenda."

Karatasi ilikuwa ukutani, kwa mwandiko wa Profesa mwenyewe: vidonge vitolewe jioni, vipimwe asubuhi. Aliuandika wakati wa kiangazi, na vidonge vyote mia sita alivipima kiangazi. Mashine haikuwahi kuona kidonge chenye unyevu, kwa hiyo iliyachukulia maji yaliyozidi kuwa ni dawa iliyopungua. Profesa alicheka, kisha akaona aibu, maana alikuwa karibu kabisa kutia saini.

Vidonge vilivyotoka moja kwa moja kwenye paketi vilisomeka asilimia tisini na tisa. Hata hivyo hakutaka mashine yake ijitetee yenyewe. Alisaga vingine kwa njia ya zamani, akasubiri zile siku mbili alizozichukia ujana wake wote. Alhamisi jibu lilikuwa lile lile. Alitia saini, halafu akaongeza ukurasa mmoja kueleza kosa lake.

"Huo ukurasa wa nini?" fundi aliuliza. "Nani angejua?"

"Kuna maabara nne zinafuata hatua yangu ya tano. Na kwao pia mvua inanyesha."

Mfamasia aliisoma ripoti akiwa amesimama, akapiga simu hapo hapo: "Fungueni stoo. Ndiyo, zote. Anzeni kugawa leo." Alipoondoka aliikumbatia ile ripoti kama cheti cha ndoa.

Profesa alibaki akipiga mluzi. Alikuwa amepata swali jipya, na furaha yake haikujificha.

"Bwana Mizani, panga vidonge mia kwenye sinia, uvisogeze karibu na dirisha."

"Vilowe tena?"

"Vilowe vizuri. Kesho mashine inaanza kujifunza maji."