Kiti cha Mama Njeri Kilivyonishika Mkono

Hili nalisimulia kwa sharti moja tu, lisimfikie mke wangu, maana mpaka leo hajui. Aibu niliyoipata hapa ugenini, mtaani Jeppestown, nilijitafutia mwenyewe, kwa huu ugonjwa wangu wa kutaka kujua mambo.

Mimi ni fundi makochi, mtu wa Kigoma, na karakana yangu imepakana na saluni ya Mama Furaha wa Uvira. Asubuhi moja mteja Mkenya, Mama Njeri wa Midrand, aliniletea kiti chenye mikono, mbao ya mahogani iliyoiva wekundu, kimetengenezwa Amerika zaidi ya miaka mia iliyopita. Mguu mmoja ulikuwa unacheza.

"Fundi, kaza tu huo mguu," akaniambia. "Kikalio usifungue. Hiyo kiti haijawahi funguliwa tangu itoke kwa wenye waliitengeneza, ndio maana niliinunua. Ukiifungua, hizo zingine sita za nyumbani hutaziona."

(Sita! Nilikuwa nimeshaanza kuzipangia nafasi.)

Mguu nikaukaza vizuri. Si ningekifunika basi, nikanywe chai? Hapana, nikakipindua. Chini kulikuwa na lebo ya karatasi iliyochanika, yamebaki maneno ya Kiingereza yenye maana ya "na Wanawe", jina la baba halipo, na kando yake tundu la zamani kwenye kitambaa cheusi cha chini, na ndani ya tundu kitu cheupe kama kipande cha karatasi. Nikaanza kujiuliza, huyu baba alikuwa nani, wanawe wangapi, nani alichonga mbao na nani alishona, kwa sababu mshono wa ukingo, jamani, ulikuwa wa mkono, kila pigo la sindano sawa na mwenzake, mimi hata kwa mashine siwezi. Nikasema tundu lipo, kuingiza vidole si kufungua. Vidole vikaingia, kiganja kikafuata, nikapapasa springi na singa za farasi, nikakidaka kile cheupe, na nilipovuta, mkono ukagoma. Mkanda wa saa yangu (saa aliyoninunulia mke wangu siku naondoka Kigoma) ulikuwa umenasa kwenye springi.

Peke yangu nisingeweza, mkono mmoja umo ndani na wa pili umekikumbatia kiti kisianguke. Nikatoka nacho barabarani, miguu yake juu, na vijana waliokuwa wanaosha magari wakanipigia kelele, "Eish, baba, unahama?"

Saluni ilikuwa imejaa wanawake.

"Papa Saidi!" Mama Furaha akashtuka. "Mukono unatafuta nini kule ndani?"

"Jina la watu," nikajibu, na wote wakacheka mpaka mmoja aliyesukwa nusu kichwa akatoa simu kunipiga picha. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mama Furaha akaingiza mkasi wake mwembamba, akakata mkanda, saa ikazama huko ndani, mkono wangu ukatoka ngumi imefumbwa. Wakati huohuo nikasikia sauti mlangoni, "Fundi, hiyo si kiti yangu?"

Mama Njeri alikuwa amerudi kuchukua kiti chake, akafuata kicheko. Nikajua vile viti sita vimekwenda. Nikafungua ngumi ili walau aone sikuiba kitu, na kiganjani kulikuwa na kifungo cha mfupa, kimeshikilia kipande cha mkono wa shati la mistari.

Akakigeuzageuza. "Hii ni ya nani?"

"Si yangu, mama. Na umesema kiti hakijawahi kufunguliwa."

Tukatazamana. Kumbe mmoja wa wale wana, siku anafunga springi, naye alinasa! Mama Njeri alicheka mpaka akakisimamisha kiti chenyewe, akakikalia.

"Haya, nimekuruhusu," akasema baadaye. "Fungua, toa saa yako."

Nikachukua kisu, nikakiweka kwenye mshono. Nikamfikiria yule kijana wa Amerika na shati lake limechanika, na bado akashona vile. Sikuweza.

"Iache, mama."

Kifungo nikakirudisha ndani, tundu nikaliziba kwa mkono, polepole kuliko nilivyowahi kushona.

Vile viti sita vilikuja. Siku hizi nikiambiwa kaza mguu, nakaza mguu, na saa sivai tena. Mke wangu akipiga simu huulizia ile saa, nami humwambia nimeiacha kwa mafundi wenzangu, baba mmoja na wanawe, wananitunzia.