Mimba ya Viraka

Tulipomaliza kushona mifarishi, yale matandiko ya viraka yaliyojazwa pamba, kwenye ushirika wa kina mama wa kijiji chetu cha ujamaa, nilipewa furushi la mabaki ya vitambaa na pamba. Mvua ya kwetu Matombo ikanikuta njiani, nikalificha tumboni, chini ya khanga.

Nyumbani nikamkuta mama mkwe, karudi kutoka Ngerengere alikokaa miezi kadhaa. Shikamoo yangu hakuiitikia; macho yake yalikuwa tumboni kwangu.

"Mwanangu, mbona ulinificha!"

Akapiga kigelegele, akaniketisha, akaniletea ndizi kwa nyama, akaapa shamba la kijiji sitalikanyaga hadi nijifungue. Kwa utamu wa nyama ile, nikaliacha furushi palepale.

Akamwita bibi mkunga anipapase. Bibi akabonyeza, akakunja uso, akavuta kiraka; kingine kikafuata, kisha pamba ikamwagika mkekani.

Mama mkwe akaitazama. "Baba yake nani, cherehani?"