Mota ya Waipa ya Basi la Meinrad

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu, na sidhani kama itanitoka. Ilikuwa siku ya furaha. Nakuambia hivyo mapema usije ukadhani nakuletea habari za watu wabaya, maana katika haya ninayotaka kukusimulia hakuna mtu mbaya hata mmoja. Umeniuliza mota gani inafaa kwa roboti yenu ya mashindano, na mimi badala ya kukutajia mota naanza kukusimulia habari za dereva wa basi. Univumilie. Walimu tukikaa sana darasani tunakuwa hivi.

Nilikuwa bado kijana, mwalimu wa fizikia niliyepangiwa kazi huku Mbinga kutoka kwetu Tabora. Baridi ya milima hii ilinitesa, nikawa nafundisha nimejifunga kitenge juu ya sweta, na wanafunzi wananicheka chini chini. Mashindano ya roboti yalikuwa kitu kigeni kabisa wakati huo. Barua ya mwaliko ilipokuja, mkuu wa shule alinipa mimi kwa sababu ndimi niliyekuwa mdogo kuliko wote pale ofisini.

Nikakusanya wanafunzi wachache. Wawili kati yao nitakutajia. Kanisius alikuwa kijana mpole, hagusi kitu mpaka akichore kwanza kwenye karatasi, na akishakichora anakifuta anachora tena. Hyasinta alikuwa binti wa kijiji cha Mpepai, kidato cha tatu, na sijapata kuona mikono kama ile. Redio iliyokufa akiipokea asubuhi, mchana inaimba. Akilehemu waya, huwezi kuona ulipoungwa.

Kazi tuliyopewa ilikuwa hii: roboti ibebe mfuko wa mchanga, ipande mbao iliyoinamishwa, ifike juu, isimame, kisha ishuke bila kubiringika. Basi. Ukiisikia unaona ni mchezo. Tulianza na mota za magari ya kuchezea watoto. Zinazunguka kwa kasi ya ajabu, lakini ukizishika kwa vidole viwili zinasimama. Tukajaribu ya feni, tukajaribu ya mashine mbovu ya kuchapia iliyokuwa stoo. Roboti inafika chini ya mbao, inanguruma, inarudi nyuma.

Kisha fundi mmoja wa gereji ya mjini akatupa mota ya waipa, ile inayozungusha vifutio vya kioo cha mbele cha gari. Aliitoa kwenye gari lililokuwa limeota majani nyuma ya gereji yake. Mwanangu, ile ndiyo mota. Ina gia zake ndani, haina haraka, lakini ukiikamata kwa kiganja kizima inakwenda na mkono wako. Tulipoifunga kwenye betri ya pikipiki na kuiona inazunguka, Hyasinta alipiga vigelegele mpaka walimu wa jirani wakachungulia.

Shida ni kwamba tulitaka mbili, moja kulia na nyingine kushoto, na zilingane. Zisipolingana roboti inapinda upande mmoja, inadondoka kwenye mbao. Gereji zote za Mbinga tulizunguka, hakuna ya pili. Hapo Kanisius akaleta mchoro wake.

"Mwalimu, tunaweza kutumia hii moja tu," alisema. "Ikae nyuma, isukume magurudumu yote mawili. Mbele tunaweka kale kadogo ka kuchezea, kawe ka kugeuzia tu."

"Itakwenda taratibu mno," nilimjibu.

"Itakwenda taratibu, ndiyo. Lakini itapanda."

Niliuangalia ule mchoro. Ulikuwa mzuri. Lakini ulitaka tubomoe tulichokwisha kujenga, na mimi nilikuwa nimeshaiona ile roboti akilini mwangu ikiwa na mota zake mbili, inapanda kwa kishindo mbele ya watu. Nikamwambia Kanisius tutauangalia tena. Hatukuuangalia.

Ndipo Hyasinta akasema, "Mwalimu, basi la kaka lina mota kama hii hii."

Kaka yake aliitwa Meinrad. Alikuwa na basi dogo kuukuu, lake mwenyewe, akipakia abiria hapa Mbinga na kushuka nao mpaka Mbamba Bay, kule ziwani, kisha anapanda nao tena. Barabara ile ninyi mnaijua ikiwa na lami. Sisi tuliijua ikiwa vumbi kiangazi na utelezi masika, kona juu ya kona, mlima upande huu na bonde upande ule. Meinrad alikuwa ameishia darasa la saba ili mdogo wake asome, na hakuwahi kulisema hilo kama mtu anayedai shukrani. Alikuwa anapita shuleni kuitazama roboti kama mtu anayekwenda kumtazama mtoto mchanga.

Hatukumwomba hata kwa maneno mengi. Hyasinta alimweleza, naye Jumapili baada ya misa akaja na basi lake mpaka uwanja wa shule, akachukua bisibisi na spana, akaitoa mota mwenyewe. Alinikabidhi ikiwa imefungwa kwenye kitambaa safi.

"Na mvua ikija, kaka Meinrad?" nilimuuliza.

"Mwalimu, tazama hiyo mbingu." Aliinua mkono juu, akacheka. Kweli kulikuwa hakuna hata wingu. "Mvua ikija mtakuwa mmeshanirudishia. Ninyi shindeni tu."

Mota mbili zikakaa kama pacha. Roboti ikapanda mbao siku hiyo hiyo, na mfuko wa mchanga juu yake. Tulicheza ngoma darasani, hata mimi.

Kisha ikaja habari kwamba mashindano yamesogezwa mbele. Mwanangu, hapo ndipo ninapoparudia kila mara. Hyasinta aliniambia tumrudishie kaka yake mota kwanza, tutaifunga tena siku zikikaribia. Niliona kazi ya kuilinganisha upya, nikaona tutakavyopoteza mazoezi. Nikampigia Meinrad simu.

"Kaka, wamesogeza tarehe. Tukuletee mota yako, au unaweza kuvumilia?"

"Mnaihitaji?"

"Tunaihitaji kweli."

"Basi endeleeni, Mwalimu. Huku bado vumbi tupu."

Nilikata simu nikiwa na amani. Nilikuwa nimeuliza, naye amejibu. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba nilimuuliza swali ambalo jibu lake nililijua kabla sijapiga.

Siku ya mashindano tulisafiri kwenda Songea. Ukumbi ulijaa. Shule nyingine zilikuja na roboti zinazong'aa, za vipande vya kununuliwa vikiwa kwenye maboksi, na sisi tulikuja na kitu kilichojengwa kwa magurudumu ya baiskeli ya mtoto na bati la ndoo. Wakatucheka, kisha wakanyamaza. Roboti yetu ilipanda ile mbao bila kusita, ikasimama juu, ikashuka kama mtu mzima anayeshuka ngazi. Tulishinda. Kanisius alilia. Hyasinta aliinuliwa juu na watu asiowajua. Tulikuwa tumeshinda nafasi ya kwenda Dar es Salaam.

Tulipotoka nje mvua ilikuwa inanyesha. Mvua ya kwanza, ile yenye harufu ya vumbi. Watoto walikimbilia ndani yake wakiimba. Hyasinta hakukimbia. Alisimama chini ya ukuta, ameshika simu yangu, anampigia kaka yake. Simu inaita tu.

Yaliyotokea tuliyasikia baadaye, kwa abiria waliokuwemo. Meinrad aliondoka Mbinga jua likiwaka. Alipoanza kushuka kuelekea ziwani mvua ikamkuta milimani, na ukungu nao. Alisimama kwanza. Lakini alikuwa na mama mjamzito ndani anayekwenda kwao, na mvua haikuonyesha dalili ya kukatika, na abiria wanasema twende taratibu. Akaenda taratibu kweli. Alifungua dirisha lake, akatoa mkono wa kulia na kitambaa, akawa anafuta kioo kwa nje huku anaendesha kwa mkono mmoja. Kwenye kona moja tairi zikateleza. Basi likalala upande wa dereva, likaegemea ukingo wa mlima. Abiria walitoka na michubuko, mmoja alivunjika mfupa wa bega. Yule mama mjamzito hakuumia, namshukuru Mungu. Mkono wa Meinrad ulikuwa bado nje.

Hospitali hawakuweza kuuokoa. Waliukata chini ya kiwiko.

Siku chache baadaye nilikwenda Mpepai na Hyasinta kumwona mama yao, nimebeba sukari na sabuni. Mkuu wa shule alitaka tubebe na kikombe cha ushindi, tumpe mgonjwa moyo. Nilikiacha ofisini. Tulimkuta mama shambani, anapanda mahindi kwenye ngolo, yale mashimo ambayo Wamatengo wanayachimba mlimani udongo usichukuliwe na maji. Nilimsalimia shikamoo, akaitika marahaba, na hakuacha kupanda. Nikaanza kuomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, kwamba tulimuuliza, kwamba alikubali, kwamba mbingu ilikuwa nyeupe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa Kiswahili cha taratibu, akitafuta kila neno ili mimi mgeni nielewe:

"Mwalimu, mwanangu huyu tangu mdogo hajui kusema hapana. Mdogo wake akitaka kitu, anatoa. Hilo wewe ulikuwa unalijua?"

"Nilikuwa nalijua, mama."

"Basi hukumwomba. Ulichukua."

Hakupaza sauti. Akafukia mbegu kwa mguu, akasogea hatua moja mbele, akaendelea. Baadaye alinikaribisha nyumbani, akanipa ugali na maharage, akanijazia sahani mara ya pili. Nilikula nikiwa siwezi kuinua macho.

Tuliporudi shuleni Hyasinta aliifungua mota ya kaka yake mwenyewe, akaifunga kwenye kile kile kitambaa, akaenda nayo kwao. Hakurudi tena kwenye chumba cha roboti. Roboti ikabaki na mota moja, na siku za kwenda Dar es Salaam zilikuwa zinakaribia. Kanisius hakuniuliza. Alitoa mchoro wake wa zamani, akaweka mota moja nyuma na ile ndogo mbele, kama alivyosema tangu mwanzo. Siku aliyomaliza aliiweka chini ya mbao, na mfuko wa mchanga juu. Ikapanda. Ilipanda pole pole, inatetemeka kidogo, lakini ilipanda mpaka juu, ikasimama. Hakuna aliyepiga makofi. Tulisimama tunaitazama kule juu mpaka Kanisius akaizima.

Dar es Salaam tulikwenda, hatukushika nafasi yoyote ya kutaja. Si hilo linaloniuma. Linaloniuma ni kwamba iliwezekana. Tangu siku ile ya kwanza iliwezekana, kwa kile tulichokuwa nacho, na aliyelijua hilo alikuwa ameniambia.

Hyasinta sasa ni muuguzi. Ananitembelea sikukuu, ananiletea kahawa ya kwao, tunaongea mambo mengi, lakini ukimwonyesha redio iliyoharibika anasema ipelekwe kwa fundi. Meinrad anauza dagaa pale Mbamba Bay. Nikishuka huko huniita kwa mbali, anaacha wateja wake, ananisalimia kwa mkono wa kushoto na kuniuliza kama vijana bado wanatengeneza zile roboti. Anauliza kwa furaha kabisa. Ningependa angalau mara moja anikasirikie. Hajawahi.

Sasa swali lako, mwanangu. Mota ya waipa ni nzuri, na sitakuficha, kwa mlima na mzigo sijaona inayoishinda kati ya hizi tunazoweza kuzipata. Angalia nguvu yake, angalia kama betri yenu itaimudu, angalia kama mnaweza kuipata nyingine hii ikiungua. Hayo yote utayasoma kwenye vitabu na utayafanya vizuri kuliko mimi. Lakini ukishika kipande chochote mkononi, kiwe mota, kiwe betri, kiwe waya tu, jiulize kabla hujakifunga: kilikuwa kinafanya kazi gani kabla hakijaja kwangu, na nani sasa atakaa bila kazi hiyo? Kikiwa kimetoka kwenye gari lililoota majani, chukua, ushukuru. Kikiwa kimetoka kwenye kitu kinachomlinda mtu barabarani, au kinachomwagilia mtu shamba, au kinachomulikia mama wa mtu anapojifungua, kiache hapo hapo kilipo, hata kama mwenyewe anakupa kwa mikono miwili na anacheka. Mtu anayekupenda usimpime kwa kumwomba. Mlinde asikupe.

Na kama kati yenu yupo anayesema kwa sauti ndogo kwamba mnaweza kujenga kwa mlichonacho, mpe kiti. Bomoeni mlichojenga, mwanze upya. Kuchelewa siku kadhaa kunasahaulika.

Nenda sasa, wenzako wanakusubiri. Mungu akupe mikono mepesi na jicho la kuona mbali kuliko mezani pako. Akupe ushindi ambao mtu mwingine hakuulipia. Na siku utakaporudi na kikombe, kila mtu wa nyumbani kwenu awe mzima, mlangoni, anakusubiri.