Boti Imekwama Chini ya Kitonga, Ukweni Wanataka Kosa Liwe Langu

Admin, nifichie jina, ingawa watakaosoma hapa Soweto, Mbeya, watanijua tu. Wanijue. Nina miaka thelathini na tatu, ni mpima barabara, nina ndoa ya miaka saba na watoto wawili. Mimi ni Mhehe, kwetu Ipogolo, Iringa. Nimeolewa kwa Wanyakyusa, na nimewachoka.

Baba mkwe ni fundi wa meli mstaafu mwenye ofisi yake ndogo ya ushauri. Mume wangu hayumo, lakini mdogo wake, ambaye nitamwita Gwamaka ingawa si jina lake, ndiye mkono wa kulia wa mzee. Ofisi ilipewa kazi ya kuandaa mpango wa boti za doria zitakazotumiwa na wanamaji Ziwa Nyasa miaka ijayo: ziwe za aina gani, ukubwa gani, na zitafikaje. Hilo la zitafikaje ndilo lililoniponza. Boti haiwezi kutoka baharini ikaelea mpaka Ziwa Nyasa. Ikishushwa bandarini inapakiwa kwenye trela, inapanda mlima Kitonga, inapita Ipogolo na Chimala, inateremka Tukuyu mpaka Kyela. Au inaletwa vipande vipande na kuunganishwa ufukweni.

Mzee alitaka mpima, na mpima wa bure alikuwa mkamwana wake, yaani mimi, mke wa mwanawe. Ila kwa Wanyakyusa wa aina yake, mkamwana haonani na baba mkwe. Familia nyingi zimeshaacha, yeye hajaacha. Akiingia sebuleni mimi natokea mlango wa jikoni. Miaka saba sijawahi kumsalimia uso kwa uso. Kazi nilipewa kupitia Gwamaka, na majibu nilitakiwa kuyarudisha kupitia Gwamaka. Chekeni tu. Ofisi ina kompyuta na vipimo vya setilaiti, halafu mpima haruhusiwi kuongea na bosi.

Nilikaa kwa mama Ipogolo wiki mbili, kila asubuhi naenda Kitonga kupima kona, moja baada ya nyingine, madereva wa malori wakinipigia honi na kunitukania wazazi. Nilipima zote. Jibu likawa wazi: trela lenye boti ya urefu uliopangwa linashindwa kona mbili. Nikaandika ukurasa mmoja kwamba boti iagizwe vipande, nikamtumia Gwamaka kwenye simu. Akanijibu, "Nimepata shem, nitamfikishia mzee."

Hakumfikishia. Mzee alikuwa ameshawaambia wakubwa wa wanamaji kwamba boti itakuja nzima, imejaribiwa majini hukohuko kiwandani. Gwamaka tangu azaliwe hajamwambia baba yake neno asilotaka kusikia. Akaandika kwamba barabara inapitika.

Sasa nifike kwenye dhambi yangu, maana sikuja hapa kujisafisha. Ripoti kabla ya kuondoka ililetwa kwangu nikague ramani. Niliona ukurasa wangu haumo. Ningeweza kumwambia mume wangu, ningeweza hata kuusukumia chini ya mlango wa mzee. Lakini wiki hiyohiyo mama mkwe alikuwa amenisema mbele ya wageni kwamba nina kiburi cha kwetu na sijui kupika. Nikasema moyoni, ngoja waumbuke. Nikakagua ramani, nikarudisha ripoti, nikaenda kuwachemshia chai.

Muda ukapita, boti zikaagizwa, na sasa ya kwanza imekuja. Mama ndiye aliyenipigia: "Mwanangu, kuna meli imelala chini ya mlima, watu wanaenda kupiga nayo picha. Siyo ile ya kwenu?" Nilicheka, nisiwadanganye. Trela lilijaribu kona ya kwanza, likarudishwa kinyumenyume, foleni ikafika sijui wapi. Sasa boti iko kando ya barabara, imefunikwa turubai, na mbuzi wanapumzika kivulini mwake.

Jumapili iliyopita tukaitwa kikao nyumbani kwa mzee. Wanaume sebuleni, mimi jikoni, mlango umeachwa wazi kidogo. Shangazi wa mume wangu akanifuata jikoni na barua ya kwenda kwa wakubwa, iliyokwisha kuandikwa, inasema vipimo vya barabara vilikuwa vyangu na nilikosea. Kilichobaki ni saini.

"Mzee ana miaka sabini na mbili, jina lake ndilo lililobaki," aliniambia. "Wewe bado kijana, watu watasahau. Mkamwana mwema anabeba mzigo wa nyumba."

Nilimtazama mume wangu kupitia ule mlango. Alikuwa anaangalia simu yake. Nikasema nahitaji siku chache, nikaanza kufungasha vitu vya watoto ili tuondoke. Ndipo nikamsikia mzee, sauti ya taratibu, akiuliza, "Muulizeni huyo binti, alipima kona zote?"

Hakuna aliyekuja kuniuliza. Gwamaka akajibu palepale, "Alipima mbili tatu tu, mzee, zingine alikadiria."

Mzee akasema, "Basi."

Ndugu zangu, nilikuwa nyuma ya mlango, hatua tatu tu. Ujumbe wa Gwamaka ulikuwa kwenye simu mkononi mwangu. Mtu mmoja katika nyumba ile alitaka kujua ukweli, na nikashindwa kuvuka kizingiti. Nilitokea mlango wa nyuma kama kawaida.

Barua inatakiwa Jumatatu. Nikisaini, hakuna ofisi itakayoniamini hata kupima uwanja wa shule. Nikiuonyesha ujumbe, wataniuliza mbona niliona ripoti na nikanyamaza, na sina jibu ninaloweza kulisema mbele ya watu. Na siwezi kumtuma mtu, kwa sababu kumtuma mtu ndiko kulikotufikisha hapa. Kilichobaki ni niingie sebuleni kwa miguu yangu, nimtazame baba mkwe usoni kwa mara ya kwanza, nimwambie yote, la Gwamaka na langu. Mume wangu anasema siku nitakayofanya hivyo nisirudi kwake.

Mlioolewa huku, na hata ambao hamkuolewa huku, semeni nami kabla ya Jumatatu. Niingie, au nisaini?