Kisima cha Chovae na Fomu ya Chuo

Usinikunjie uso, msomaji. Mimi nilikuwapo, wewe hukuwapo. Nilikwenda kutoa kopi hapa Kismayu, nikamkuta baba mmoja na bintiye mbele ya karani anayejazia watu fomu za chuo kikuu.

"Andika uhandisi," baba akaamuru. "Aje atutengenezee pampu."

"Fizikia," binti akasema.

Nikajiingiza. "Pampu ililetwa kwetu kisiwani Chovae, mwanangu. Kisima kilikuwa na maji matamu juu na ya chumvi chini, tukiteka ya juu kwa kifuu, polepole. Pampu ikavuta siku mbili, tukanywa bahari."

Baba akacheka. "Hata mimi wa Chovae, bibi. Nilizamisha ndoo mara moja tu, baba yangu akanizaba kofi."

"Alikwambia kwa nini matamu hukaa juu?" binti akamuuliza.

Akajishika shavu. "Sababu ilikuwa lile kofi."

"Basi mimi nataka ile nyingine."

Baba akamgeukia karani. "Haya. Andika fizikia."

Maji yale sijayaonja tangu vita vitutoe kisiwani, na ladha yake naikumbuka kuliko sura ya marehemu mume wangu. Lakini sikwenda pale kulia. Nikachukua kopi zangu, nikatoka, nikafunga mlango.