Mutoto Wangu Alipimwa na Lati

Bakubwa ba humu, nkambo wenu, bibi muzee wa Kolwezi, anabasalimia.

Ninaandika na kidole kimoja. Masomo niliishia mwaka wa kwanza, na mule sikuokota kitu. Mwenye kuona makosa arekebishe mu moyo yake, anyamaze. Lakini hii habari ilinipata mi mwenyewe, sikuambiwa na mutu.

Kuna mama mumoja aliuliza juzi: ku masomo banataka kupima kama mutoto wake anajua kusoma kweli. Akubali ao akatae? Nilisoma majibu yenu, nikatikisa kichwa.

Sikilizeni.

Ilikuwa wakati wa Zaïre. Batu bote tulikuwa tunaitana "sitwayeni", ni kusema raia, hata muuza mihogo. Tulikaa Manika, hapa Kolwezi, bwana yangu alikuwa anatumika ku mashimo ya shaba. Binti yetu Masengo alikuwa mwaka wa tatu, mara ya pili. Akianguka tena, banamufukuza.

Na mi sikuelewa anaanguka juu ya nini. Barua za kaka yangu wa Sandoa ni ye alikuwa ananisomea. Mbio mbio, bila kusimama!

Siku moja anarudi, anasema: "Mama, Sitwayeni Kabedi alinipima."

"Alikupima nini?"

"Alinitosha inje peke yangu, akanipima na lati. Kisha akaandika jina yangu."

Lati, kwa basioijua, ni kile kipande cha mbao cha kupigia mistari.

Bakubwa, kwetu mutu mwenye kupimwa na mbao ni yule fundi wa sanduku ya maiti anamungojea. Na jina juu yake! Myaka ile ya bapelelezi, jina yako kuingia mu karatasi ya mutu haikukuwa mambo ya kucheka.

Asubuhi nilikuwa ku mulango ya kalasi. Huyu Kabedi, mwalimu wake, alikuwa kijana wa kike, na lunettes kubwa ku macho. Hata ile lunettes sikuipenda.

"Mama, sikupima mwili," anasema. "Nilipima kusoma. Lati ninaiweka chini ya mustari, macho ya mutoto isiruke. Masengo hajui kusoma. Yenye benzake banasoma anaikamata na masikio, anairudisha na kinywa. Nilimuonyesha 'ma' peke yake, akanyamaza."

"Sitwayeni, unasema uongo. Ananisomea barua."

"Ilete."

Nikasema mu roho: leo nakunasa. Barua nilikuwa nayo, nimeifunga mu pindo ya kitenge. Masengo alikuwa amenisomea hivi: tuko bazima, mihogo ilitoka muzuri, mama anakusalimia.

Kabedi akasoma: "Dada, miguu ya mama haitembei tena. Anakuuliza kila siku. Hii ni barua ya tatu. Juu ya nini hujibu?"

Munafikiri nilimuamini? Apana. Nilimunyanganya barua, nikaenda mpaka kwa Tata Ramazani, mwislamu mumoja mwenye kamio, ni kusema lori, alikuwa anapeleka bitu Fungurume. Sikumuambia kitu. "Tata, nisomee."

Akasoma. Neno kwa neno, sawa na ya Kabedi.

"Mama Masengo, ni nani alikuwa anakusomea hizi?"

Nilikunja barua, nikaenda. Haya ilinikamata.

Kufika ku nyumba, niliweka barua chini, mbele ya Masengo. Alilia hata mbele ya mi kumuuliza.

"Ulikuwa unanikazia macho, mama. Mi nilikuwa naona alama tu. Njo maana nikasema yenye utapenda."

Mi ni mutu wa fimbo, bote ba mu kartiye, majirani, banajua. Ile siku mukono ilikataa.

Nilipanda kamio ya Sandoa. Mama nilimukuta muzima, miguu imevimba sawa mitungi. Nilimuogesha wiki mbili, kisha nikarudi kwa Kabedi.

"Mupime. Lakini mi nitakaa hapa ku mulango."

"Ukae, mama," anasema. Hata hakukasirika. Ile nayo niliiwazia mubaya.

Nilikaa kila siku kisha masomo. Batoto balikuwa bane, na kila mumoja alikuwa na dawa yake. Mumoja alichanganya b na d. Mwingine alijua herufi, kuziunga apana. Wangu alirudishwa ku ma, me, mi, sawa mutoto wa mwaka wa kwanza. Alisikia haya, na mi nilisikia haya. Kila siku ya tano, banapimwa tena. Nilitafuta ujanja ya ule mwalimu mpaka nikachoka.

Na macho yangu nayo ilikuwa inafuata lati. Haya maandiko ninabaandikia leo, mingi niliiokota pale ku mulango.

Kisha barua ikafika.

Masengo akaweka lati chini ya mustari. "Da... da..." Pole pole, mpaka nikataka kumunyanganya. Akasimama.

"Mama, ni mubaya."

"Soma bile iko."

"Ma-ma... a-li-tu-a-cha."

Akalia, lakini lati ilishuka mustari kwa mustari mpaka ku jina ya kaka yangu. Hakuruka hata neno moja.

Ile barua sikuipeleka kwa Tata Ramazani.

Hiyo njo jibu yangu kwa ule mama: usimuamini mwalimu juu ya lunettes, na usimuamini mutoto juu anasoma mbio. Uende, ukae ku mulango, uangalie. Banapima kisha banaacha hivyo? Tosha mutoto wako mule. Banapima, banafundisha, banapima tena? Funga kinywa.

Haya, semeni ya kwenu. Lakini mwenye kutaka kunibishia, kwanza amupe mutoto wake karatasi yenye hajaiona, asikilize.