Nilimrudisha Mama Mkwe na Supu ya Mzazi

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya saba tangu mke wangu ajifungue, nilisimama mlangoni kwangu Chang'ombe nikamrudisha mama mkwe na sufuria yake ya supu ya pweza. Nimekosa. Nalisema hili mwanzo kabisa, asije msomaji akadhani nimekuja hapa kujitetea.

Bwana Mhariri, jina langu usiliweke. Mtaani wananijua, inatosha.

Mimi ni karani wa kiwanda, umri wangu miaka arobaini na sita. Shule niliishia darasa la nne; mengine nimejifundisha mwenyewe kwa kamusi. Mnadani nilinunua kijitabu cha Kiingereza cha afya. Kilimtaka mtu aache nyama, samaki, mayai, maziwa na samli, ale vya shambani tu. Tumbo lilikuwa likiniwaka miaka mingi, nikaamini.

Nilifasiri sura ya kwanza, ya vitu vya kuacha. Sura ya pili, ya vitu vya kuweka badala yake, nilikuwa sijaifikia. Nikaanza kutekeleza hivyo hivyo! Nyumba nzima, kwa siku moja, siku tano kabla ya mtoto kuzaliwa.

Nikachora karatasi ya chakula cha wiki, nikaibandika jikoni. Mchana niliandika maharage. Mkunga alipokuja akasema mzazi hali maharage, mtoto atajaa tumbo. Vyema. Nikachukua rula, nikayafuta kwa mstari. Nafasi ya mchana ikabaki tupu, na mimi sikuijaza. Mtu wa mpango kama mimi!

Ndipo akaja mama mkwe. Alitoka Mtoni kwa miguu, sufuria kichwani. Pwani nzima inajua kwamba mzazi hunyweshwa supu ya pweza ili maziwa yashuke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nipishe, supu ingali moto."

"Mama, humu hakiliwi tena chochote chenye roho."

"Pweza huyu si wako. Ni wa mzazi."

"Mke wangu anakula ninachokula mimi."

Akanitazama toka juu mpaka chini. "Ala! Kumbe na wewe unanyonyesha?"

Wanawake wa uani wakaangua kicheko. Mmoja akapiga na kigelegele. Kicheko kile kilinikaza shingo. Nilishika ubao wa mlango, mkono mmoja huku, mwingine huku, mpaka mkwe wangu, mtu ninayepaswa hata kumwinamia, akageuka na sufuria yake. Sikuona haya. Niliona nimeshinda!

Mke wangu alikuwa ndani ya arobaini, hatoki, hanunui, haombi kwa jirani. Alikula nilichomwachia: muhogo wa kuchemsha, mchicha wa chumvi, chai ya rangi. Na hapa ndipo ninapojichukia. Mimi kila saa sita mchana nilikuwa kazini, na nje ya lango la kiwanda palikuwa na mama mmoja anayepika mbaazi na maharage ya nazi. Nilikula sahani mbili. Tumbo likapoa, mwili ukawa mwepesi, nikarudi nyumbani kusifu chakula cha shambani mbele ya mwanamke mwenye njaa.

"Mume wangu, sina kitu kifuani," aliniambia.

Nikamsomea kifungu cha kijitabu. Nikamsomea!

Siku ya ishirini na sita alianguka, mtoto mikononi. Mungu alimweka mtoto juu ya mkeka. Mimi na majirani tukampeleka mke wangu zahanati, mganga akampima.

"Huyu hana homa. Ana njaa."

"Njaa? Kwangu mna chakula."

"Cha nani?" akaniuliza.

Mama mkwe, aliyekwisha kupata habari, alifika akamchukua binti yake kutoka pale pale. Huko Mtoni maziwa yalirudi kidogo kidogo. Binti yangu Salima yu hai, na si kwa jasho langu.

Arobaini ilipokwisha nilikwenda kuwachukua. Mke wangu alizungumza nami akiwa nyuma ya pazia.

"Baba Salima, mchicha wako siukatai. Ungenipikia mbaazi za nazi kabla sijazaa, tukazizoea wote, ningekula. Wewe ulinifunga mdomo, ukaenda kula kwa watu."

"Nani kakwambia?"

"Mikono yako ilinuka nazi kila jioni. Nilikuwa na njaa, nilinusa. Niandikie talaka yangu."

Niliandika.

Sasa nyie wanaume mnaosoma vitabu, nisikilizeni! Chakula hakina kosa. Mie ningali nakula hivyo hivyo, na tumbo limepona. Lakini usiondoe samaki kabla hujajua kupika kunde, choroko na mbaazi zikalika. Anza na mlo mmoja kwa siku, wiki nzima, ndipo uongeze wa pili. Karanga na ufuta viwemo ndani ya nyumba, visage utie kwenye mchicha. Ukifuta kitu, andika kingine pale pale, kabla wino haujakauka. Sahani ya jirani ikija, pokea, shukuru, mpe anayekula. Mjamzito na mzazi usiwaguse kabisa mpaka mganga aseme. Na mdomo unaoruhusiwa kuuamrisha ni mmoja tu, huo ulio chini ya pua yako!

Wapo wanaoniuliza kwa dhihaka nimefaidi nini. Nitawajibu kwa hesabu, maana ndiyo kazi yangu. Samaki wa nyumba yetu alikuwa wa senti arobaini kwa siku. Siku thelathini na moja, tangu mpango uanze mpaka mke wangu alipoanguka, sikumnunua. Kwa bei ya mke, ya mtoto, na ya heshima ya mkwe wangu, nimeokoa shilingi kumi na mbili na senti arobaini.